Nawezaje kumleta Uingereza mtoto wa marehemu dada yangu? Huko aliko sio salama

#1 MamaMdogo_Coventry
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo, na kama kuna aliyepitia hili ndio namtaka zaidi. Niko Coventry, nina uraia wa Uingereza. Dada yangu alifariki akaacha binti, sasa ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Anaishi na baba wa kambo ambaye ameshaoa mke mwingine. Baba mzazi aliondoka binti akiwa mchanga, hajulikani alipo wala hajawahi kutuma hata senti. Ada, nguo, matibabu, vyote natuma mimi ila hela ikipita kwa yule baba mtoto haioni. Mwalimu mkuu ndio alinipigia akaniambia mtoto anachelewa kila siku na mikono ina malengelenge ya mafuta ya moto, anaamshwa saa kumi usiku akaange maandazi ya kuuza ndio aende shule. Na sasa kuna mzee ameanza kupita pale nyumbani na zawadi, nadhani mnanielewa.

Mama yetu yupo lakini amepooza upande mmoja, yeye mwenyewe ni wa kuuguzwa. Kaka yetu ana watoto sita na chumba na sebule. Nataka nimlete kwangu. Nimesoma huku na kule nimezidi kuchanganyikiwa, kila mtu ana lake. Njia gani ni ya kweli?

#2 Kisiki_cha_Mpingo
Pole sana dada. Mbona rahisi, ukishakuwa raia unaruhusiwa kumuombea ndugu yeyote. Jaza fomu, lipa, basi.

#3 Kalamu_Leicester
#2 mkuu usimpoteze mwenzio. Uingereza hakuna viza ya "ndugu yeyote" hata uwe raia wa kuzaliwa. Kuna ya mwenza, ya watoto wako wa chini ya miaka 18, na kuna ya ndugu mtu mzima anayehitaji kuuguzwa ambayo tangu Julai 2012 imebanwa kiasi kwamba wanaopita ni wa kuhesabu. Mpwa hana viza yenye jina lake.

Ila mleta uzi usikate tamaa maana kuna mlango mmoja wengi hawaujui. Sheria za uhamiaji zina aya ya 297, ndani yake kuna kipengele kinamruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuja kwa mzazi AU NDUGU mwenye makazi ya kudumu hapa (raia yumo), ikiwa kuna sababu nzito za kifamilia au nyingine zinazofanya kumzuia mtoto huyo kuwe jambo lisilofaa, na ikiwa maandalizi ya malezi yake yapo. Mtoto awe hajaolewa, hajitegemei, wewe uwe na pa kumlaza na cha kumlisha bila kutegemea benefiti (misaada ya fedha ya serikali). Kwa maelezo yako nadhani hapo ndipo pako.

Mimi kazi yangu ni hizi karatasi, lakini sijaona nyaraka zako kwa hiyo haya ni maelezo ya jumla.

#4 Nahodha wa Jahazi
Hiyo 297 naijua, tatizo ni "sababu nzito". Umaskini sio sababu nzito. Kuamshwa saa kumi sio sababu nzito, watoto wangapi Tanzania wanaamka saa kumi? Afisa anasoma mafaili kama hayo kutwa nzima. Usimpe dada matumaini ya bure.

#5 Zuhura_M
@Nahodha unasema kweli nusu. Kuamka mapema peke yake hapana, lakini mama amefariki, baba hajulikani, mlezi hana damu naye, anatumikishwa, elimu inayumba, na kuna harufu ya kuozeshwa. Vikusanywe vyote kwa pamoja. Mahakama huwa wanaangalia picha nzima, sio kimoja kimoja.

#6 Dereva Semi
Mimi ningemkatia viza ya matembezi miezi 6 akifika ANAJILIPUA (anaomba ukimbizi) mambo yanaisha. Wangapi wametoboa hivyo.

#7 Kalamu_Leicester
#6 hapana, hapana kabisa. Kwanza viza ya matembezi kwa binti wa miaka 15 asiye na mzazi wa kumrudisha ni ngumu kuipata. Pili hairuhusiwi kuigeuza kuwa ya kukaa ukiwa ndani. Tatu unamfundisha mtoto adanganye mbele ya serikali na shangazi mtu ndio amepanga. Kama ana hofu ya kweli ya hifadhi hilo ni suala lingine linalojitegemea, lakini kumleta kwa njia ya matembezi huku umeshapanga kujilipua ni udanganyifu. Maombi yakikataliwa kwa udanganyifu, adhabu kwa mtu mzima inaweza kuwa kufungiwa miaka 10.

#8 Zuhura_M
Sio shangazi ni mama mdogo, soma jina 😀

#9 Kalamu_Leicester
Nimesahihishwa, asante.

#10 Mtoto wa Mjini
Kwani lazima useme mpwa? Andika ni mwanao wa kumzaa. Cheti kinatengenezeka.

#11 Bi Mkubwa Reading
Wewe kijana acha. Kuna familia naifahamu walifanya hivyo, wakatakiwa DNA, basi ikawa aibu na mtoto akabaki huko na rekodi juu. Mbaya zaidi huyo binti wa mleta uzi ana kesi nzuri ya ukweli kabisa, kwa nini umharibie? Cheti cha kuzaliwa cha dada, cheti cha kuzaliwa chako vinavyoonyesha mama mmoja, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha dada, vyote vya RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), hapo undugu umeshathibitika bila uongo wowote.

#12 Mkulima_Halisi
Naomba kuuliza, lile sharti la kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka halimhusu huyu dada? Mimi nilikwama hapo.

#13 Kalamu_Leicester
Hiyo ni ya mwenza, ilipanda kutoka 18,600 tarehe 11 Aprili 2024. Kwa mtoto chini ya 297 kipimo ni "kutosha": ukitoa kodi ya nyumba na kaunsili taksi (kodi ya halmashauri), kinachobaki kisipungue kile ambacho familia ya idadi hiyo ingepewa na serikali kama haina kipato. Wengi wa kipato cha kawaida wanafikia.

Nyumba nayo wanaangalia msongamano. Sheria ya nyumba ya 1985 inahesabu mtoto wa kuanzia mwaka 1 lakini chini ya miaka 10 kama nusu mtu, na wa kike na wa kiume waliofikisha 10 ambao si wanandoa haitakiwi mpangilio uwalazimishe kulala chumba kimoja. Mama mdogo, una watoto wa kiume?

#14 MamaMdogo_Coventry
Nina wavulana wawili, 9 na 12, wanalala chumba kimoja. Vyumba vitatu, tunapanga. Mume wangu ameridhia, ni kuli wa zamani sasa yuko ghala la usiku, mimi ni kea (mtunza wazee na wagonjwa). Benefiti hatuchukui zaidi ya ile ya watoto. Asanteni sana mpaka hapa.

#15 Kalamu_Leicester
Chumba cha tatu ni chake basi. Pata barua ya mwenye nyumba kwamba anaruhusu mtu wa ziada, hiyo watu wanaisahau sana.

#16 Ndege_Mhamaji
Kwa nini asimuasili tu? Akishakuwa mtoto wake kisheria anakuja kama mtoto.

#17 Zuhura_M
Inaonekana fupi ila ni ndefu. Huyu dada akichukua uraia wa Uingereza wa Tanzania ulipotea, kwa hiyo mahakamani Tanzania ni mgeni, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mgeni awe amekaa nchini miaka 3 mfululizo. Halafu Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa kuasili (makubaliano ya nchi nyingi ya kutambuana amri za kuasili), kwa hiyo hata ukiipata amri ya Mahakama Kuu huku Uingereza haikubaliki moja kwa moja. Kuna kitu kinaitwa kuasili kwa hali halisi, hapo uwe umeishi nje ya Uingereza angalau miezi 18, na miezi 12 ya mwisho kabla ya maombi uwe unaishi na mtoto na kumlea wewe. Nani ataacha kazi na watoto wawili Coventry akakae miezi 18?

#18 Wa_Nairobi
Salaam kutoka jirani. Huku kwetu Kenya tumo kwenye huo mkataba lakini serikali ilisimamisha wageni kuasili Novemba 2014, kwa hiyo hata kuwa ndani ya mkataba haikusaidii sana. Dada angu mwenyewe yuko Canada, na huko kuna njia safi kabisa: ndugu yatima wa chini ya 18, awe mdogo wako, mpwa au mjukuu, wazazi wote wawili wakiwa wamefariki na hajaolewa, unamdhamini moja kwa moja.

#19 Kisiki_cha_Mpingo
Canada wana utu. Marekani je?

#20 Wa_Nairobi
Marekani mpwa hana lake. Raia anaweza kumuombea kaka au dada, na watoto wa huyo ndugu wanakuja nyuma yake kama bado hawajafikisha 21, lakini foleni ile ni zaidi ya miaka 10, watoto wanazeekea kwenye foleni. Na hapa dada mwenyewe ameshafariki. Australia wana viza aina ya 117 ya ndugu yatima, wao hawalazimishi wazazi wawe wamekufa, hata kama hawajulikani walipo au hawawezi kulea inakubalika, ila nayo foleni yake ni ya miaka.

#21 Nahodha wa Jahazi
Jamani mnamzungusha dunia nzima na yuko Coventry. Turudi kwenye mada. Mimi msimamo wangu ni huu: HUYU MTOTO ATOLEWE PALE NYUMBANI WIKI HII, mambo ya viza baadaye. Shule ya bweni. Hela anayotuma kila mwezi inatosha bweni, alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, yule baba asiione. Likizo aende kwa bibi.

#22 Tausi wa Bahari
Nakazia.

#23 Kaka_Mkubwa_Luton
Sikubaliani na Nahodha, na nitaeleza kwa kisa changu. Mtoto wa kaka yangu tulimuombea kwa hiyo hiyo 297. Wazazi wote wamefariki, alikuwa anahamishwa hamishwa. Tukafanya kama unavyosema, tukamuweka bweni ili awe salama huku tunaandaa karatasi. Barua ya kukataliwa ilikuja imeandikwa vizuri tu: mtoto yuko shule, anakula, anasoma, analala salama, ami anagharamia, hali hii inaweza kuendelea. Yaani ule wema wetu ndio ukawa sababu ya kumkatalia. Tukakata rufaa, hakimu alituelewa mwishowe, lakini ni kwa sababu tulileta ushahidi kwamba kila likizo mtoto hana pa kwenda, matroni alikuwa anabaki naye peke yake kwenye bweni tupu. Matroni aliandika barua kwa mkono, kurasa mbili, ametaja hata kwamba Krismasi walipika wali wakiwa wawili tu. Barua ile ilifanya kazi kuliko maneno yote ya wakili.

#24 Nahodha wa Jahazi
Kwa hiyo unamshauri amuache kwa yule baba ili kesi iwe nzito? Mzee anapita na zawadi, wewe unasubiri ushahidi?

#25 Kaka_Mkubwa_Luton
Sijasema hivyo na usinilishe maneno. Nasema ukimuweka bweni ujue kabisa afisa atakuuliza kwa nini bweni lisitoshe, na uwe na jibu mapema.

#26 Bi Mkubwa Reading
Mimi ni mama, kwangu usalama wa mtoto unatangulia hata kama viza itachelewa. Huwezi kumuacha binti kwenye moto ili moshi uonekane.

#27 Zuhura_M
Bi Mkubwa nakuheshimu lakini bweni halilei. Miaka mitatu ya bweni ni miaka mitatu ya kukimbia likizo. Nani atamuuguza akiugua? Nani anamuuliza anataka nini? Naona Luton ana hoja kubwa kuliko inavyochukuliwa hapa.

#28 Afisa_Mstaafu
Nilifanya kazi ustawi wa jamii Tanzania miaka mingi, niseme upande ambao hamjaugusa. Kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Namba 116 ni ya bure ya kuripoti mtoto anayeteswa. Mwalimu mkuu ambaye ameshaona malengelenge anaweza kuripoti, na kwa maelezo haya anapaswa. Afisa akienda akaona, anaandika ripoti. Ripoti hiyo inafanya mambo mawili kwa mpigo, inamlinda mtoto leo, na ndiyo karatasi ambayo Uingereza wataiamini kuliko kiapo cha ndugu. Kwa hiyo hapo juu mnagombania kitu ambacho si lazima kigombaniwe: akitolewa pale kwa ripoti ya ustawi, hatari yake inakuwa imeandikwa. Akitolewa kimya kimya na kupelekwa bweni, hatari imefutika kana kwamba haikuwepo.

#29 Kaka_Mkubwa_Luton
#28 mzee umesema jambo. Sisi hatukuwa na hilo.

#30 Nahodha wa Jahazi
Sawa, lakini ustawi nao wanaweza kusema mtoto akae kwa kaka mtu, yule mwenye watoto sita. Afisa wa viza akiona kuna mjomba hapo hapo, kesi imekwisha.

#31 Afisa_Mstaafu
Inawezekana, ndio maana kaka naye aandike kiapo aeleze hali yake: vyumba, watoto, kipato. Na cha bibi aambatanishe taarifa ya hospitali. Kila ndugu aliyepo Tanzania inabidi ionekane kwa nini yeye hawezi.

#32 Mtoto wa Mjini
Ila si sheria ya ndoa inaruhusu miaka 15 mzazi akiridhia? Huyo mzee mnamuogopa bure, yuko ndani ya sheria.

#33 Zuhura_M
Umebaki nyuma mkuu. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 ni kinyume cha Katiba, kesi ya Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakazia Oktoba 2019. Zaidi ya hapo huyu ni MWANAFUNZI. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Huyo mzee aambiwe hiyo namba.

#34 Tausi wa Bahari
Miaka 30 🙌🏾 zawadi zake apeleke kwa mkewe.

#35 Ndege_Mhamaji
Njia ya shule je? Viza ya mwanafunzi mtoto, miaka 4 hadi 17.

#36 Kalamu_Leicester
Ipo lakini ni ya shule binafsi za kulipia tu, shule za serikali hairuhusu. Ada za shule hizo ni maelfu ya pauni kwa muhula na tangu Januari 2025 zimeongezwa VAT asilimia 20. Kwa kipato cha kea na ghala sidhani. Na hiyo viza ni ya muda wa masomo tu, wakati lengo hapa ni aishi.

#37 Shabani_Birmingham
Naomba niseme kama niliyekuwa huyo mtoto. Nililetwa na mama mdogo nikiwa kijana baada ya mama kufariki. Ninamshukuru mpaka leo, lakini mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu sana. Alikuwa na shifti za usiku, mume wake pia, mimi nikawa nabaki na wadogo, nawapikia, nawalaza. Shuleni walikuwa wanacheka lafudhi yangu nikawa siongei. Hakuna aliyenitesa, ila hakuna aliyekuwepo. Mama mdogo, wewe na mume wako wote kazi zenu ni za zamu. Binti ametoka kukaanga maandazi saa kumi usiku, asije kuwa yaya wa wavulana wako. Nakwambia kwa upendo.

#38 MamaMdogo_Coventry
Shabani mdogo wangu nimesoma maneno yako mara mbili, nimempa na mume wangu asome. Nimeshaomba kazini nihamie zamu za mchana tu, wamesema kuanzia mwezi ujao. Wanangu wana mtu wa kuwaangalia tayari, sio kazi yake.

Nimeongea na mwalimu mkuu leo. Amekubali kuandika barua na kuambatanisha kurasa za rejista ya mahudhurio, anasema muhula huu siku za kuchelewa ziko wazi kabisa. Kesho anampeleka mtoto kwa afisa ustawi yeye mwenyewe. Binti nimeongea naye kwa simu ya mwalimu, nimemuuliza anataka nini, akasema anataka kumaliza shule, na akauliza kama nikimchukua bibi atabaki na nani. Hapo nikakosa jibu.

#39 Bi Mkubwa Reading
Mungu akutangulie mwanangu. Hilo swali la bibi lina uzito wake.

#40 Dereva Semi
Kwa nini bibi naye asije kwa ile ya wagonjwa? Amepooza.

#41 Kalamu_Leicester
Inabidi ionyeshwe hawezi kuoga, kuvaa, kujipikia bila msaada, NA kwamba msaada huo Tanzania haupatikani au haulipiki hata kwa hela inayotoka huku. Hapo ndipo wengi wanaangukia, maana pauni za mwanawe aliyeko Uingereza zinaajiri msaidizi Tanzania. Ada yake nayo inazidi pauni 3,000 na ukikataliwa hairudi. Nisingeanza na hiyo.

#42 Mkulima_Halisi
Nami nina mdogo wangu wa miaka 22 ananyanyaswa nyumbani, yeye vipi? Nilitaka nimuitie ukea.

#43 Kalamu_Leicester
Ukea kuajiri kutoka nje kulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Mdogo wa miaka 22 asiye mgonjwa, kwa njia ya familia hakuna. Yanabaki masomo ya chuo kwa viza yake mwenyewe, au kazi ya ujuzi yenye mwajiri mwenye leseni. Fungua uzi wako tukuelekeze, huku tutamchanganya dada.

#44 Nahodha wa Jahazi
Mimi bado nasema bweni. Ripoti ya ustawi ipatikane kesho, keshokutwa mtoto bweni.

#45 Kaka_Mkubwa_Luton
Na mimi bado nasema bweni litakuja kumuuma kwenye faili. Akae kwa kaka mtu kwa muda, pamesongamana, ndio, na msongamano huo huo ni ushahidi.

#46 Zuhura_M
Watoto sita na chumba na sebule, binti wa miaka 15 alale wapi, ndugu wa Luton? Karatasi zisitufanye tusahau mtu.

#47 Afisa_Mstaafu
Ustawi wataamua alale wapi wiki hii, sio sisi. Wana familia za kuaminika wanazowakabidhi watoto kwa muda. Hiyo nayo ni jibu la tatu ambalo si bweni wala kwa kaka.

#48 Ndege_Mhamaji
Swali la pembeni: wa kwangu anatimiza 18 mwaka huu, kesi kama ya uzi huu. Maamuzi yanachukua miezi, si atakuwa ameshapita umri?

#49 Kalamu_Leicester
Kinachoangaliwa ni umri siku ya maombi, hakataliwi kwa sababu tu ametimiza 18 wakati faili liko mezani. Lakini usicheze na tarehe. Pasipoti ichukuliwe sasa maana mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya mlezi halali, na kwenu mlezi halali ni nani lazima kijulikane kwanza. Kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, cheti chake kinadumu miezi 6. Mkikataliwa rufaa ni siku 28 mkiwa nje, ada pauni 80 bila kusikilizwa ana kwa ana, 140 mkisikilizwa. Na kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita mshauri, hakikisha ni wakili au yuko kwenye orodha ya IAA (mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji), ndio waliochukua nafasi ya ofisi ya zamani ya OISC Januari 2025. Vishoka wa WhatsApp hawamo.

#50 MamaMdogo_Coventry
Mwalimu mkuu ametuma picha ya barua, ina muhuri wa shule na tarehe. Afisa ustawi amemsikiliza binti peke yake, kesho anaenda nyumbani kwa yule baba. Kalamu nimekutumia ujumbe wa faragha kuhusu kiapo cha kaka, ameanza kusita, anasema yule baba wa kambo ni rafiki yake.